Sufu ya Halli

Saa mbili asubuhi, na usiku bado haujabanduka.
Hapa kisiwani Hiiumaa jua la Januari
ni mgeni wa kuchungulia mlangoni:
havui koti, haketi, chai yako haonji.

Nawasha taa ya kichwani, nabeba birika na shoka.
Maji ya kondoo yameganda tena, ndi.
Napiga mara moja, pa! Barafu yanicheka.
Mara ya pili, pa! Yachora nyota.
Ya tatu napata tundu la kutosha midomo miwili.
Waja wakisukumana, ishirini na mmoja,
pumzi zafuka kama vyungu vilivyofunuliwa,
matumboni wana wa Aprili.

Ishirini na mmoja.
Ulimi wangu bado wataka kusema ishirini na wawili.

Halli,
majani yalipokuwa yakipukutika, Arvo alikuja na kisu chake,
akakufungua mdomo: meno manne, na moja lacheza.
"Huyu havuki baridi," akasema.
Nikamuuliza, "Na mimi je? Yangu umeyahesabu?"
Akacheka, akanywa kahawa, akapanda trekta akaenda zake.

Nikawa nakulowekea nyasi kavu kwa maji ya moto,
nakukunia karoti, kama anayemlisha mama mkwe.
Nilijua ni upuuzi. Shamba haliendeshwi kwa huruma.
Deni la umeme halijui jina la mnyama.

Ukafa Jumanne, kimya,
umeegemea ukuta wa kusini
pale wenzako walipoacha joto lao.
Nikachukua sururu. Ardhi ikakataa.
Nikaiwashia moto, magogo matatu ya msonobari,
ikalainika kina cha kijiko,
kisha ikafumba mdomo.
"Ngoja Aprili," Arvo akasema kwa simu.

Basi umelala bandani, chini ya turubai, nyuma ya reki,
mkavu kama ubao wa kukatia mkate,
na theluji yapenya kwenye ufa mmoja
ikikutandikia shuka jembamba ambalo silikung'uti.
Nikipita na ndoo nakwambia hujambo.
Marehemu sikuiti. Hujazikwa; bado ni jirani.

Mchana hapa ni mfupi kama kope.
Saa tisa giza limesharudi, limekaa kitini.
Nami nakaa kando ya jiko, kwenye gurudumu la mama yangu,
kanyagio lake lalia kwii, kwii
(kila mwaka nalipaka mafuta, kila mwaka lalia vilevile).
Ndani ya gunia sufu yako ya mwisho,
kijivu cha jivu la alfajiri,
ina vijiti vya mreteni, ina harufu yako yote,
na mafuta yake yaingia kwenye nyufa za vidole vyangu
bila kuombwa.
Nachana. Navuta. Nasokota.
Uzi wapita kati ya gumba na shahada
mwembamba, mnene, mwembamba:
leo mkono haujatulia.

Luule kapiga simu kutoka Tallinn:
"Mama, uza hao kondoo. Njoo mjini,
kila chumba kina bomba la joto."
Nikasema nitafikiri.
Nikafikiri mpaka uzi ukakatika.
Nikauunga kwa mate.

Glavu zimekamilika jana usiku.
Kuna mwalimu wa Tartu aliyeagiza jozi, kalipa kabisa;
yeye nitamfumia za kondoo mwingine,
mwenye sufu nzuri kuliko yako, kusema kweli.
Hizi nimezivaa mimi.

Asubuhi ya leo, shoka mkononi,
pa! na pa! na barafu ikaachia,
na vidole vyangu vilikuwa na joto hadi kuchani.
Wakaja wakisukumana, wakanywa.
Nikawahesabu.
Nikakosea tena, kwa mmoja.
Sikujisahihisha.